Homa ya ini B na saratani ya ini katika Tanzania ya kati

Homa ya ini B ya kudumu ni maambukizi ya virusi vya hepatitisi B yanayokaa mwilini kwa zaidi ya miezi 6, na mara nyingi kwa maisha yote. Ni mojawapo ya visababishi vikuu vya saratani ya ini duniani, hasa katika Afrika kusini kwa Sahara na Asia ya mashariki.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, yaani mikoa ya Dodoma na Singida pamoja na sehemu za Manyara zinazopakana nayo, uhusiano huo una uzito wa pekee. Huko virusi hivyo hukutana na kisababishi cha pili cha saratani hiyohiyo: sumukuvu, ambayo ni sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga. Mtu mwenye virusi na anayekula sumukuvu mara kwa mara yumo katika hatari kubwa kuliko jumla ya hatari za kila kimoja peke yake.

Saratani ya ini ikishaonyesha dalili ni vigumu sana kutibika. Lakini visababishi vyake viwili vinajulikana, na vyote vinaweza kuzuiliwa miaka mingi kabla.

Jina

"Homa ya ini" ni jina la jumla la magonjwa yanayolifanya ini kupata mchochota, yaani kuvimba na kuumia kwa ndani. Virusi vinavyosababisha magonjwa hayo ni vya aina tano, zinazotajwa kwa herufi A, B, C, D na E. Aina A na E huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na kwa kawaida hupona bila kuacha maambukizi ya kudumu. Aina B na C huenezwa hasa kwa damu na majimaji mengine ya mwili, na ndizo zinazoongoza kwa kuleta saratani. Aina D humpata tu mtu ambaye tayari ana aina B, au anayeambukizwa zote mbili kwa pamoja.

Watu wengi huchanganya homa ya ini na homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, unaoenezwa na mbu, na una chanjo yake. Umanjano wa macho na ngozi ni dalili inayoweza kutokea katika magonjwa mengi ya ini, nao peke yake hauonyeshi ni ugonjwa gani.

Virusi na maambukizi

Virusi vya hepatitisi B hukaa ndani ya seli za ini na huzunguka katika damu. Vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 hivi, kwa mfano katika tone la damu lililokauka kwenye wembe.

Njia kuu za maambukizi ni hizi:

- kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa;
- kati ya watoto wadogo wanaoishi pamoja, kupitia vidonda na michubuko;
- kujamiiana bila kinga;
- kutumia kwa zamu sindano, nyembe, miswaki au vifaa vya kuchanja chale, kutoboa masikio na kutahiri ambavyo havikutakaswa;
- kuongezewa damu ambayo haikupimwa.

Virusi hivi haviambukizwi kwa kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa, wala kula katika sinia moja. Kunyonyesha nako hakukatazwi. Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe chake hakumkingi mtu yeyote, bali humfedhehesha mgonjwa na kuwafanya wengine waogope kupima.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua zaidi mambo yatakayofuata. Kati ya watoto wachanga wanaoambukizwa, karibu asilimia 95 hubaki na virusi kwa maisha yote. Kati ya watu wazima wanaoambukizwa, hata asilimia 5 hawafiki. Wengine wote huvishinda virusi kwa kinga yao wenyewe. Ndiyo maana saratani ya ini inayomuua mtu wa miaka 45 mara nyingi ilianza njia yake alipokuwa mtoto mchanga au wa umri wa kutambaa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na homa ya ini B ya kudumu, milioni 65 kati yao wakiwa katika Kanda ya Afrika. Mwaka huohuo ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 1.1, wengi wao kwa kusinyaa kwa ini na kwa saratani.

Kutoka maambukizi hadi saratani

Virusi vyenyewe haviui seli za ini moja kwa moja. Kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia seli zilizoambukizwa ili kuviondoa. Mtu anapokuwa na maambukizi ya kudumu, mashambulizi hayo hayafiki mwisho: seli hufa, ini huotesha nyingine, nazo hushambuliwa tena. Hali hiyo huendelea kwa miongo kadhaa.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, makovu huongezeka hadi ini linakuwa gumu na kusinyaa. Hali hii huitwa sirosisi. Pili, kila seli inapogawanyika, kosa linaweza kutokea katika kunakili DNA yake. Makosa yanapolimbikizana, seli moja inaweza kuacha kutii mipaka na kuanza kukua bila kikomo. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Virusi vya hepatitisi B vina njia nyingine tena. Vipande vya DNA yake hujipachika ndani ya kromosomu za seli za ini na kuvuruga jeni zinazodhibiti ukuaji. Kwa sababu hiyo mtu mwenye homa ya ini B anaweza kupata saratani hata kabla ini lake halijasinyaa. Katika hili aina B inatofautiana na magonjwa mengi ya ini, ambayo kwa kawaida hupitia sirosisi kwanza.

Kati ya watu wazima wenye maambukizi ya kudumu, asilimia 20 hadi 30 hatimaye hupata sirosisi, saratani, au vyote viwili. Hatari huongezeka kwa wanaume, kwa wenye ndugu wa damu waliopata saratani ya ini, kwa wanywaji wa pombe nyingi, na kwa wenye maambukizi mengine kama VVU au homa ya ini C au D.

Ushahidi

Mwaka 1965 mtafiti Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walitangaza kupata katika damu ya Mwaborijini wa Australia protini ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa sehemu ya ganda la virusi vya hepatitisi B. Ugunduzi huo uliwezesha kupima damu na kutengeneza chanjo, na Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1976. Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa tarehe 28 Julai, siku aliyozaliwa.

Uhusiano na saratani ulithibitishwa nchini Taiwan. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707, wengine wakiwa na virusi na wengine bila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 yalionyesha kwamba hatari ya saratani ya ini kwa wenye virusi ilizidi mara 200 ile ya wasio navyo.

Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Miaka michache baadaye saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu kwa nusu: kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 katika miaka 1981-1986 hadi 0.36 katika miaka 1990-1994. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa chanjo kupunguza saratani ya binadamu.

Sumukuvu katika uwanda wa kati

Sumukuvu hutengenezwa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni na huonekana kama ukungu wa kijani na manjano. Aina yake iliyo kali zaidi, sumukuvu B1, ni mojawapo ya visababishi vikali vya saratani vinavyopatikana katika chakula. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu.

Hali ya hewa ya Dodoma inaipa kuvu hiyo nafasi. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika kabla mazao hayajakomaa. Mmea uliodhoofishwa na ukame na joto hushambuliwa kwa urahisi ungali shambani. Ukame huohuo ulichangia kuuangusha mradi mkubwa wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Kongwa mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Baada ya kuvuna, mahindi na karanga zinazoanikwa juu ya udongo, kurundikwa kabla ya kukauka au kuliwa na wadudu ghalani huendelea kuota kuvu.

Zamani chakula kikuu cha Wagogo na majirani zao kilikuwa uwele na mtama, nafaka zinazostahimili ukame. Kwa kawaida nafaka hizo hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Kadiri mahindi yalivyochukua nafasi kubwa zaidi katika ugali na uji, ndivyo familia zilivyozidi kulitegemea zao linaloshambuliwa kwa urahisi.

Mwaka 2016 hatari hiyo ilijitokeza waziwazi. Kati ya Mei na Novemba ugonjwa usiojulikana uliwapata watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Wagonjwa walipata umanjano, kuvimba tumbo, kutapika na maumivu ya tumbo. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu nyingi mno. Wagonjwa walioandikishwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Vifo hivyo havikutokana na saratani. Ilikuwa sumu ya ghafla, iliyoliharibu ini kwa muda mfupi. Lakini tukio lile lilionyesha kwamba sumukuvu imo katika chakula cha kila siku. Mtu anayekula kiasi kidogo haanguki wala hatapiki. DNA ya ini lake huharibiwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu.

Hatari mbili katika ini moja

Ini ndilo linalosafisha sumu mwilini. Linapojaribu kuivunja sumukuvu B1, hutokea kwanza kemikali kali inayoshikamana na DNA. Seli yenye afya huweza kurekebisha sehemu kubwa ya madhara hayo. Seli zinazogawanyika upesi kwa sababu ya mchochota wa virusi hazipati muda wa kutosha, na kosa hurithiwa na seli mpya.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalichapisha uchunguzi wa saratani za ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika, maeneo yenye virusi na sumukuvu kwa wingi. Saratani nyingi zilikuwa na badiliko lilelile mahali palepale katika jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zenye kasoro zisiendelee kugawanyika. Badiliko hilo limekuwa kama alama ya kidole ya sumukuvu.

Ukubwa wa hatari ulipimwa Shanghai kwa kuwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Ikilinganishwa na watu wasio na virusi wala dalili za sumukuvu katika mkojo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalikuwa haya:

- wenye sumukuvu peke yake: hatari mara 3.4;
- wenye virusi peke yake: hatari mara 7.3;
- wenye vyote viwili: hatari mara 59.4.

Afrika Mashariki nayo ilichangia ujuzi huo mapema. Mwaka 1973 ulichapishwa utafiti wa Murang'a, Kenya, ulioonyesha kwamba saratani ya ini ilikwenda sambamba na kiasi cha sumukuvu katika chakula: sehemu za chini zenye joto zilikuwa na sumu nyingi zaidi kuliko sehemu za milimani. Mwaka 2004 sumukuvu iliwapata watu 317 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na kuua 125. Wagonjwa walipolinganishwa na majirani wasiougua, walionekana kuwa na virusi vya hepatitisi B mara nyingi zaidi. Hivyo ini lenye virusi huumia kwa urahisi zaidi hata katika sumu ya ghafla.

Dalili na utambuzi

Mtu mwenye homa ya ini B ya kudumu anaweza kuishi miaka 20 au 30 bila dalili yoyote. Hulima, huzaa na kufanya kazi kama kawaida. Wengi hupata habari zao kwa bahati, kwa mfano wanapochangia damu, kwa kuwa damu yote inayotolewa hupimwa.

Saratani inapojitokeza huleta maumivu upande wa kulia wa tumbo chini ya mbavu, uvimbe mgumu mahali hapo, kukonda, kukosa hamu ya kula, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano. Katika Afrika kusini kwa Sahara wagonjwa wengi huwa katika miaka ya 40 ya umri wao au chini zaidi, wakiwa bado wanasomesha watoto na kutunza wazazi. Kwa kuwa ugonjwa huja ghafla kwa mtu aliyeonekana mzima, mara nyingi hudhaniwa kuwa amelogwa au kulishwa sumu na adui, na muda hupotea.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta antijeni ya ganda la virusi. Kinaweza kufanywa kwa kifaa cha haraka kwa tone la damu la kidoleni. Antijeni ikiendelea kuonekana baada ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa ya kudumu. Hapo hufuata vipimo vya utendaji wa ini, wingi wa virusi na kiasi cha makovu.

Wenye hatari kubwa hushauriwa kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti (altrasaundi) kila baada ya miezi 6. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo unaweza kukatwa au kuunguzwa; ukionekana kwa macho na kushikika kwa mkono, kwa kawaida umechelewa.

Matibabu

Hakuna bado dawa inayoviondoa kabisa virusi vya hepatitisi B kwa wagonjwa wengi. Zipo dawa za kuvizuia visizaliane, hasa tenofovir na entecavir, ambazo humezwa kila siku kwa miaka mingi. Tenofovir imezoeleka Tanzania kama mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya VVU, hivyo mtu mwenye VVU na homa ya ini B anaweza kutibiwa yote mawili kwa mseto mmoja.

Dawa hizi hupunguza hatari ya saratani lakini haziifuti. Si kila mwenye virusi anayezihitaji mara moja. Daktari huamua kwa kufuata vipimo. Kuziacha bila ushauri ni hatari, kwa sababu virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliharibu ini ghafla. Kwa mwenye virusi, dawa za mitishamba zisizojulikana vipimo vyake na pombe huliongezea mzigo ini ambalo tayari limeelemewa.

Kinga

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Baadaye, mwaka 2009, iliunganishwa katika chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, inayotolewa mtoto akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyekamilisha dozi hukingwa kwa zaidi ya asilimia 95.

Ratiba inayoanzia wiki ya 6 haimkingi mtoto wakati wa kuzaliwa, na ndipo mama anapoweza kumwambukiza. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Linapendekeza pia wajawazito wote wapimwe, na wenye virusi vingi wapewe tenofovir wakati wa ujauzito.

Watu waliozaliwa kabla ya mwaka 2002 hawakuchanjwa utotoni. Kundi hili, ambalo sasa ni la watu wazima, ndilo lenye virusi zaidi, na ndilo ambamo saratani itaendelea kuonekana kwa miaka mingi ijayo. Kwao hatua ya kwanza ni kupima. Asiye na virusi wala kinga huchanjwa dozi tatu, kwa kawaida katika miezi 6. Mwenye virusi hafaidiki na chanjo. Anachohitaji ni kufuatiliwa hospitalini, na mwenzi wake na watoto wake wapimwe na kuchanjwa.

Kinga ya chakula huanzia shambani na kuishia jikoni:

- kuvuna kwa wakati, mazao yakikomaa tu;
- kuanika juu ya turubai, mkeka au kichanja, bila kugusa udongo;
- kukausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5;
- kutenga punje na karanga zilizokunjamana, kubadilika rangi, kutobolewa au kuota ukungu, na kuzitupa;
- kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vikavu, juu ya chaga;
- kukoboa mahindi kabla ya kusaga, kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini;
- kuchanganya vyakula, uwele na mtama vikirudishwa mezani.

Kupika hakuiondoi sumukuvu, kwa kuwa hustahimili joto la ugali unaochemka na la karanga zinazokaangwa. Punje mbovu hazifai kupikiwa pombe. Hazifai pia kulishwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sehemu ya sumu hupita katika maziwa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yenye sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na sumukuvu B1 isiyozidi 5. Baada ya mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, unaojulikana kwa kifupi cha TANIPAC.

Faida ya kubadili chakula imeonekana Qidong. Wakazi wake walipoacha mahindi na kula mchele zaidi kuanzia miaka ya 1980, sumukuvu katika damu yao ilipungua sana. Baadaye vifo vya saratani ya ini vilishuka hata katika watu waliozaliwa kabla ya chanjo kufika, wengi wao wakiwa bado na virusi. Kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, maana yake ni kwamba kusafisha chakula hupunguza hatari hata kama virusi haviwezi kuondolewa.